Mti wa Bendera Haulazwi

Tangu Jumapili mnaniuliza, waandishi wenzangu, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa nini viganja vyangu vina malengelenge, na kwa nini Zuhura akiulizwa kuhusu Ijumaa ile anajibu tu, "Muulizeni Kioko." Naandika mara moja ili nisisimulie mara kumi. Nitaruka habari za nani alilipia kitambaa cha bendera na nani aliandika barua gani. Nitafuata njia tu, tangu nilipofunga mlango wangu Kileleshwa asubuhi hadi tulipofika mtaa wa Jamhuri jua likiwa limeelemea upande wa vilima vya Ngong. Ni safari ambayo gari huimaliza kwa nusu saa, foleni ikiwa na huruma. Sisi tuliimaliza kwa siku nzima.

Na niseme mapema ili mnisome mkijua: sehemu kubwa ya njia hiyo niliipita nikiwa na wivu. Si ule wivu mdogo tunaotaniana nao mtu akichapishwa. Huu ulikuwa umeketi kifuani kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Kutoka Kileleshwa hadi mjini

Baba alinipigia Alhamisi. Wengi wenu hamjakutana naye. Anaitwa Mutua, sajenti mstaafu, anaishi Jamhuri katika nyumba ile ile niliyokulia. Kwa miaka kumi na minne kazi yake jeshini ilikuwa moja: kulinda bendera ya kikosi. Kila kikosi kina bendera yake ya hariri, iliyotariziwa, yenye mti wake na ncha yake ya shaba, na mahali ilipo ndipo kikosi kilipo. Huibeba afisa kijana. Pembeni yake hutembea walinzi wawili, na baba alikuwa mlinzi wa kulia. Hayo ndiyo yote niliyoyajua. Nilikua katika nyumba yenye glavu nyeupe ndani ya kabati na baba asiyesema kitu kuhusu glavu hizo.

Kwenye simu alisema, "Kesho uje mjini, kwa fundi. Kuna kitu cha kubebwa."

Kikundi chao cha wastaafu kilikuwa kimeshonesha bendera mpya, ya kukabidhiwa Jumapili katika ukumbi wao Jamhuri. Sikulala vizuri kwa furaha. Katika umri wangu wote baba alikuwa hajaniita kwenye jambo lolote la jeshi. Nilijiambia kwamba ameamua sasa, kwamba tutatembea naye na njiani atafungua mdomo, na mimi, mwandishi mwenye kitabu kimoja na njaa ya cha pili, nitapokea kila neno. Nilinyoosha shati. Nikamwambia bawabu wa ghorofa letu kwamba naenda kubeba bendera ya jeshi, naye akanitazama mabega, kisha akaniambia nivae viatu vingine.

Gari nililopanda lilisimama kabla hatujafika mjini, na kila gari lingine likasimama. Msafara wa mkubwa fulani ulikuwa unapita. Tulikaa dakika arobaini hivi, halafu yakapita magari meusi, na moja lilikuwa na bendera ndogo juu ya boneti, ukubwa wa leso.

"Ka-bendera hako," alisema mwendesha boda aliyekuwa amesimama chini ya dirisha langu, "ndiko kamefunga Nairobi nzima?"

Mtu akamjibu kwamba si bendera, ni kile kijiti chake. Ukiondoa kijiti, inabaki leso tu. Watu wakacheka. Mimi nikaiweka sentensi hiyo mfukoni nimpe baba kama zawadi, kisha nikashuka nikamalizia kwa miguu.

Kwa fundi

Mnamjua baba yake Zuhura, Mzee Athman, ingawa labda hamjui duka lake. Ni chumba chembamba katikati ya mji, nyuma ya maduka ya vitenge, kimejaa kofia, kanzu na mabango ya misikiti na makanisa. Mzee Athman anatarizi kwa nyuzi za dhahabu na hamuulizi mtu dini yake. Bendera alikuwa ameitarizi yeye.

Niliingia nikamkuta baba ameketi kwenye kibao kifupi, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kipande cha kashata kwenye goti. Karibu naye alikuwa Zuhura, daftari wazi mapajani. Baba alikuwa anacheka. Nasema hivi taratibu ili mwelewe: baba alikuwa anacheka, kichwa kimerudi nyuma, na pengo la jino la pembeni ambalo sikujua analo lilikuwa linaonekana.

Nilipoingia akanyamaza.

"Umechelewa," akasema.

Nilieleza kuhusu msafara. Nikaitoa ile sentensi ya kijiti na leso. Baba akatikisa kichwa tu, lakini Zuhura akasema, "Ah, hiyo nzuri," na akaiandika. Niliona kalamu yake ikiinywa.

Mzee Athman, kwa wema wake wote, ndiye aliyenichoma. Alinimiminia kahawa na kuniambia kwamba ana furaha kuona watoto wetu wanasaidiana, maana Zuhura huenda Jamhuri kila Jumamosi, mwezi wa nne sasa, kumsikiliza Sajenti, na riwaya yake inakwenda vizuri mashallah.

Nilimtazama Zuhura. Hakuona aibu wala hakujificha. Alisema alidhani najua, kwa sababu alidhani baba yangu huongea na mimi.

Niliangalia kikombe changu. Miezi minne. Kila Jumamosi mimi huwa nimelala Kileleshwa hadi saa nne, na nusu saa kutoka kitandani kwangu, rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kochi letu la kijani akipokea urithi wangu kwa kijiko.

Mzee Athman akaifunua bendera. Wivu ulinyamaza kwa kitambo kidogo, nakubali. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nyeusi, nyekundu na kijani za taifa zilikaa kwenye kona ya juu, karibu na mti, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya kikundi, ngao na mikuki ya dhahabu, matamvua pembeni. Mti wenyewe ulikuwa wa mvule uliopigwa msasa hadi ukang'aa, karibu futi tisa, na juu yake ncha ya shaba. Kisha wakaivingirisha kwenye mti wake na kuivika mfuko mrefu mweusi.

Hapo ndipo safari ilipogeuka kuwa ndefu. Dereva mmoja wa teksi alikuwa tayari kuufunga mti juu ya gari. Mwingine alisema utaingia kwa kupitia dirishani. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu.

"Mti wa bendera haulazwi," akasema.

Dereva akauliza jeshini wanausafirisha vipi.

"Jeshini una sanduku lake. Sisi hatuna sanduku. Kwa hiyo utasimama, na sisi tutatembea."

Akatupanga pale pale kwenye baraza ya duka, wapita njia wakituzunguka. Yeye katikati na bendera. Mimi kulia. Zuhura kushoto. Nilikuwa nimekuja kubeba, kumbe nimekuja kutembea kando.

Kupanda Valley Road

Mtu akibeba kitu kirefu kilichofunikwa, Nairobi yote inataka kukijua. Hadi tunavuka Uhuru Highway tulikuwa tumeulizwa kama ni fimbo ya mapazia, antena, ndoano ya samaki wakubwa, na mama mmoja muuza ndizi alitupa pole akidhani ni machela ya mgonjwa. Baba hakujibu yeyote. Zuhura alijibu wote, kwa ile sauti yake ya Kiswahili cha kwao, akawafanya wacheke, na baba akatabasamu mbele yake bila kugeuza shingo. Mimi nilitembea kulia nikiwa kama kivuli cha mtu mwingine.

Chini ya mlima wa Valley Road polisi kijana alitusimamisha. Wenzake wanne walikuwa wamekaa kivulini ng'ambo ya barabara.

"Hiyo ni nini?"

"Bendera," nikasema, na nikajuta hapo hapo. Mnajua miaka hii bendera njiani inamaanisha nini.

"Mnaenda maandamano?"

"Watu watatu, afande?" Zuhura akasema. "Na mmoja goti bovu?"

Polisi hakucheka. Alitaka mfuko ufunguliwe. Nilikuwa tayari kuufungua mimi mwenyewe, mkono wangu ulishafika kwenye kamba, lakini baba akaniambia niondoe mkono. Kisha akamgeukia kijana yule na kuzungumza naye kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo.

"Nitaifungua, hakuna shida. Lakini ikishafunguliwa, wewe umevaa sare. Utasimama wima na kuipigia saluti mpaka nitakapoifunga tena. Na mimi hufunga polepole."

Polisi akaangalia wenzake ng'ambo. "Mbele ya hao wote?"

"Mbele ya hao wote."

Kijana akakuna shingo chini ya kofia. Akauliza bendera yenyewe ni ya nani. Baba akasema ni ya Kenya, ila amekabidhiwa yeye mpaka Jamhuri. Jibu hilo lilimtosha. Alitupa njia, na hata akasimamisha magari tuvuke.

Tulipoanza kupanda, baba alizungumza. Alisema kwamba kitambaa ni cha kila mtu, hata cha vijana wanaojifunga mabegani na kupiga kelele barabarani, na yeye hana ugomvi nao. Cha mwanajeshi ni mti. Kazi yake ni kuhakikisha hauanguki, basi, na siku moja kumpa mtu mwingine naye asiuangushe. Nilishika kila neno. Lakini alikuwa amegeukia kushoto. Alikuwa anamwambia Zuhura.

Zuhura naye, akiwa anahema kwa mlima, akaniambia mimi kwa furaha, kama ananiletea habari njema, kwamba siku zile vijana walipotoka na bendera na kuonyeshwa kwenye televisheni, baba yangu alisimama sebuleni, peke yake, na hakuketi hadi picha ilipobadilika. Mara sita jioni moja.

Nilikuwa sijui. Nilisema kwamba najua.

Katikati ya mlima goti la baba lilikataa. Alisimama, akapumua, akasema bendera itabadilisha mikono. Nilinyoosha yangu yote miwili.

"Zuhura," akasema. "Njoo katikati. Kioko, kaa pale pale kulia."

Barabara ya Ngong

Sitaki kusema uongo kwamba Zuhura aliibeba vibaya. Aliibeba vizuri, jambo lililokuwa baya zaidi. Ni mfupi kuliko mimi, ule mti ulimzidi karibu mara mbili, lakini alikuwa ameshafundishwa: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, kiwiko kimetoka kidogo. Walikuwa wamefanya mazoezi na fagio, aliniambia baadaye. Fagio letu, la nyumbani kwetu.

Jua lilikuwa limefika utosini. Tulipita vituo, milango ya hospitali, wauza miwa, vijana wanaofuta vioo vya magari. Waliokuwa wamekaa walituangalia na baadhi wakasimama, sijui kwa nini, maana ilikuwa kwenye mfuko wake mweusi na hawakuweza kujua. Labda ni namna ya ule mti kusimama kati ya watu wanaoinama. Mzee mmoja mshona viatu alivua kofia. Nilitaka kofia ile ivuliwe mimi.

Karibu na mzunguko wa magari baba alisimama kununua mahindi ya kuchoma na kupumzisha goti, akatuambia tutangulie taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mimi na Zuhura kuwa peke yetu, na nikautoa wivu wangu wote kwa swali moja. Nilimuuliza amemlisha baba nini hata akasema.

"Nilimuuliza," akasema. "Basi."

"Hata mimi ningemuuliza."

"Ungemuuliza, ndiyo. Hukumuuliza. Uliandika kwanza."

Nikamuuliza ana maana gani. Alitembea hatua kadhaa akiangalia mbele, kwa sababu mbebaji haruhusiwi kuangalia pembeni, na akaniambia jambo ambalo inaonekana Jamhuri yote inalijua isipokuwa mimi. Katika kitabu changu, sura ya tatu, mke wa mwanajeshi anaifua bendera ya kikosi kwa sabuni, anaianika uani, kisha anaipiga pasi akilia. Mliisifu sura hiyo, nyinyi nyote. Sasa, bendera ya kikosi haifuliwi. Haifuliwi kamwe. Vumbi lake ni lake, moshi wake ni wake, ikichakaa inastaafu na uchafu wake wote kama mtu na makovu yake. Kitabu kilipotoka, baba alinunua nakala tano akawapelekea wenzake ukumbini kwa majivuno. Mmoja akaisoma sura ile kwa sauti. Tangu siku hiyo wanamwita Dobi.

"Wanamwitaje?"

"Dobi. Ukifika ukumbini utasikia. 'Dobi, leo umeanika?' Yeye huwa anacheka nao."

Nilitamani kugeuka nimwombe radhi mzee yule aliyekuwa nyuma yetu na gunzi la mahindi mkononi. Lakini wivu una ujanja, marafiki. Kabla aibu haijakomaa, wivu uliishika mkono ukaigeuza. Nilichokiona si kosa langu. Nilichokiona ni kwamba hata aibu ya baba yangu aliijua Zuhura kwanza.

Adams Arcade

Tulifika Adams saa nane kasoro, na njaa. Nyuma ya kituo, kuelekea soko la mitumba, kuna kibanda cha mama mmoja wa kwetu Machakos ambaye bado anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kama wa harusini. Baba humwita Mama Wanza. Alipotuona alifuta meza kwa mkono wake mwenyewe.

Shida ikawa moja. Bendera haiingii kibandani. Paa ni fupi. Haiegemezwi ukutani. Haulazwi mti. Kwa hiyo mmoja lazima asimame nje nayo wenzake wakila. Baba akautoa ule mti mikononi mwa Zuhura na kuuweka mikononi mwangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika. Ulikuwa na joto la viganja vya Zuhura.

"Usiondoke hapa. Usiuegemeze. Tukimaliza utakula wewe."

Nikaachiwa pale, juani, mbele ya uwazi wa kibanda. Begi langu, na simu ndani yake, lilibaki kwenye benchi karibu na Zuhura. Nilisimama kama taa ya barabarani. Wauza nguo walipita wakanikwepa. Kijana mmoja akaniuliza, "Niaje bro, unauza?"

Na ndani, niliwaona. Walikula kwanza kimya. Mama Wanza akaleta chapati. Kisha baba akaanza kuzungumza, na sikusikia hata neno kwa sababu ya redio ya jirani. Niliona mdomo tu. Niliona mkono wake ukipanda na kushuka, ukionyesha kitu kirefu, kitu kilichoinama, labda upepo, labda mtu. Zuhura aliacha kula. Halafu baba akachukua kalamu kutoka mkononi mwake, akalivuta daftari, na akaanza kuchora.

Baba yangu anachora. Nimeishi miaka ishirini na tisa bila kujua kwamba baba yangu huchora.

Sikuamua kuondoka. Nilisogea hatua mbili nipate kivuli. Kutoka kivulini sikuwaona tena, na hilo lilinipa nafuu, kwa hiyo nikasogea kumi. Mti ulikuwa mzito na ulitembea vizuri. Mtu mbele yangu alipisha njia. Nikajisemea nitafika pale kwenye kona tu nione wanavyoshtuka. Nilipofika kona sikugeuka. Nilibeba bendera ya baba yangu, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, nikaingia barabara ya Jamhuri peke yangu, na nakiri mbele yenu wote kwamba kwa dakika kama kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nairobi.

Jamhuri

Ukumbi wa wastaafu uko mwisho wa mtaa wa nyumba za zamani, una ua wa michongoma na lango la mabati. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao baba.

Nikasimama. Furaha ilidumu kadiri ya nguvu za mabega. Kisha malengelenge yakapasuka viganjani, na sikuweza kuuegemeza ule mti wala kuulaza, na sikuwa na simu ya kumpigia mtu. Hapo ndipo nilipouona mchezo wangu kwa macho ya aliyekuwa ndani ya kibanda. Mlinzi wa bendera ametoka kula. Bendera haipo.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye kutoka kwa Zuhura. Baba aliingia sokoni, kati ya vibanda vya mitumba, akiuliza kila mtu kama amemwona kijana na mti mrefu. Mmoja akamwelekeza kwa muuza fito za mapazia. Mwingine akamwambia ameona watu watatu wenye mti, yaani sisi wenyewe. Alikwenda na kurudi mara mbili, kwenye goti lile. Zuhura alinipigia, simu yangu ikaita ndani ya begi alilokuwa amelibeba yeye. Hakuna aliyefikiri kwamba mimi ndiye niliyeichukua bendera. Waliogopa nimeporwa, nimepigwa, nimelala mahali.

Ilikuwa karibu saa tisa na nusu nilipowaona mwanzo wa mtaa. Mwanzoni sikumtambua, kwa sababu mtu yule alikuwa anakimbia. Kofia hana, shati limetoka suruali, mguu mmoja anauburuta. Alipoona ule mti mweusi umesimama langoni alipunguza mwendo, akatembea, akachomeka shati, na hatua za mwisho alizitembea sawasawa kama gwaride. Alisimama mbele yangu akakutanisha visigino.

Alitazama kwanza ncha ya chini ya mti kama imegusa tope. Kisha mfuko. Kisha viganja vyangu.

"Nani alitaka kukunyang'anya?"

"Hakuna, Baba."

Zuhura alikuwa amefika nyuma yake, anahema, begi langu begani. Aliposikia jibu hilo alifunga macho.

"Nipe," baba akasema.

Nikampa. Vidole havikutaka kukunjuka. Nilimwambia nilitaka kuibeba mimi. Akasema ningeomba. Nikasema alimpa Zuhura bila kuombwa, na sauti yangu ilitoka ya mtoto wa miaka saba, mtaani kwetu, mbele ya lango.

"Huyu ameomba miezi minne," akasema. "Kila Jumamosi ameomba. Aliuliza inashikwaje, ina uzito gani, kwa nini haifuliwi. Wewe uliniuliza nini?"

Nilimwambia nimesikia habari za Dobi. Alikunja uso kidogo kama mtu aliyeumwa na jua, akasema hayo si kitu, wale wazee hawana kazi. Nikasema samahani. Akasema amesikia. Kisha akausimamisha mti kando ya shavu lake na kuhamisha uzito kutoka kwenye goti bovu.

"Miaka kumi na minne," akasema. "Kwenye mvua, kwenye lori, usiku, ugonjwani. Haikuwahi kutoka machoni pangu hata dakika. Hayo yote nimempa Zuhura, na ameyaandika, na atayaandika vizuri, najua. Leo nimeipoteza saa nzima. Nimeipoteza sokoni, nikila." Akageuza kichwa. "Binti yangu, funga daftari."

Zuhura hakuwa amelifungua. Hata hivyo alilitia ndani ya begi langu.

"Habari ya leo sijampa mtu. Hii ni ya Kioko. Kama anaitaka, aulize."

Nilisimama pale na njaa yangu na mikono inayovuja. Maswali niliyokuwa nimeyabeba tangu Kileleshwa, ya vita, ya taifa, ya maana ya hariri na shaba, yalinitoka kichwani yote. Nilimwona tu ametoka kwenye uwazi wa kibanda kile, juani, anatazama mahali palipokuwa na mtu.

"Ulipotoka ukakuta sipo," nikamuuliza, "ulifanya nini kwanza?"

Alifikiri. Alilipa swali langu heshima ya kufikiri.

"Nilimaliza kutafuna," akasema. "Nilikuwa na chapati mdomoni. Nilisimama pale nikatafuna mpaka ikaisha, nikameza, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya."

"Halafu?"

"Halafu nikaangalia juu. Sijui kwa nini. Kama mtu aliyepoteza ndege."

Nikauliza tena, naye akajibu tena. Alijibu amesimama, hakufungua lango, hakukumbuka hata ufunguo. Zuhura alikuwa amesogea hadi kwenye michongoma ili asisikie, ametugeuzia mgongo kwa adabu. Lakini mtaa ulikuwa kimya, na niliona mkono wake wa kulia ukiteremka polepole ubavuni, ukapita begi, ukaingia mfukoni mwa buibui, unatafuta kalamu.